Monopodi ya kununua Lubumbashi: anza kuangalia bomba la chini

Kwa mwenye haraka: nunua monopodi (fimbo ya mguu mmoja ya kuegemeza kamera) ya alumini ya vipande vinne, yenye bomba nene, klipu za kufunga kwa kidole na mpira wa chini unaobadilishika. Hiyo naiweka nafasi ya kwanza kwa mpiga picha wa Lubumbashi ambaye Jumamosi yuko harusini na Jumapili yuko pembeni mwa uwanja. Nitataja nyingine nne, na moja kati yake inaishinda kabisa kwa wanaopiga video. Lakini kwa anayetafuta chombo kimoja cha kazi zote, sijaona cha kuizidi.

Tuelewane kwanza monopodi inasaidia nini, maana wengi wanaidai kazi isiyo yake. Haisimami yenyewe. Miguu yako miwili pamoja na huo wa tatu ndiyo inayokamilisha msimamo. Inachokupa ni kuondoa mtikisiko wa juu na chini, na kubeba uzito ambao mkono ungebeba. Canon 5D Mark IV ina gramu 890. Ukiifunga lenzi ya 70-200mm f/2.8 ya toleo la pili, gramu 1,490, tayari umeshika karibu kilo mbili na nusu. Jaribu kuishikilia hiyo usoni kwa dakika 90 pale Kamalondo, TP Mazembe wakiwa nyumbani. Kwenye mpira shata yako, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, iko kwenye 1/1000 ya sekunde hata hivyo, kwa hiyo monopodi haiongezi sana ukali wa picha. Inaokoa mabega, ili dakika ya 85 lenzi iwe bado imetulia kwenye boksi mpira unapoingia.

Ukali utauona ukumbini. Umeme umekatika, jenereta imewasha taa chache, na wewe uko nyuma ya wageni na lenzi ya milimita 200. Kanuni ya zamani inasema shata isishuke chini ya 1/200 kwa lenzi hiyo ukipiga kwa mkono. Monopodi imara hukuongezea stopu mbili hivi, kila stopu ikiongeza muda wa shata mara mbili, yaani unaweza kwenda 1/50 na herufi za kwenye keki zikasomeka. Hiyo ni kwa bwana harusi aliyetulia akisikiliza hotuba ya baba mkwe. Kwa mama anayecheza huku amebeba zawadi kichwani, 1/50 itakupa ukungu tu, uwe na monopodi ya bei yoyote. Na usijidanganye kwamba mtikisiko mdogo hauonekani. Kwenye kioo cha simu unafichika. Kwenye picha iliyochapishwa upana wa mita moja, kama zile zinazotundikwa wakati wa Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya jiji letu, tangu ilipoanza 2008, hakuna pa kuuficha.

Sasa bomba la chini. Dukani watu huuliza mambo mawili: inafika urefu gani, na inabeba kilo ngapi. Mimi ningeuliza la tatu kabla ya hayo: bomba la chini ni nene kiasi gani? Kila kipande cha monopodi huingia ndani ya kile cha juu yake, kwa hiyo cha mwisho ndicho chembamba kuliko vyote, na ndicho kinachogusa ardhi. Vipande vikizidi, cha chini kinazidi kukonda. Ile ya vipande sita inaingia vizuri kwenye begi, lakini ikifunguliwa yote unasimamisha kilo mbili na nusu juu ya kitu chenye unene wa kalamu, nacho kinapinda kila ukibonyeza. Ya vitatu ni imara zaidi ila haikunjiki fupi, na mtu wa pikipiki hatakubali ikigonga abiria mwingine. Vinne ndiyo kati na kati.

Kilo zilizoandikwa kwenye boksi, zigawe kwa mbili. Kamera na lenzi yako vikifika kilo mbili na nusu, tafuta iliyoandikwa tano au zaidi. Kisha jaribu mwenyewe, hapohapo, kabla pesa haijatoka mfukoni. Fungua vipande vyote, funga klipu zote, simamisha kwenye sakafu, weka viganja viwili juu yake na uegemee polepole mpaka uzito wa kifua uko juu yake. Ikiteleza hata sentimita moja, irudishe. Isipoteleza, shika kipande cha juu kwa mkono mmoja na cha chini kwa mwingine, uzungushe kama unakamua nguo: haipaswi kucheza wala kulia. Muuzaji atakuambia, "Yaya, hii iko nguvu, inabeba kilo kumi." Mjibu kwa heshima: "Basi papa, niruhusu niiegemee." Anayejiamini na mali yake ataruhusu.

Tazama pia skrubu ya juu. Ziko za ukubwa wa aina mbili: 1/4 ya inchi, inayoingia moja kwa moja chini ya kamera nyingi, na 3/8, inayoingia kwenye vichwa vingi vya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Nzuri zina skrubu ya kugeuza, upande huu ndogo, upande huu kubwa. Iwe ya chuma. Na urefu: kamera ikiwa juu yake, jicho lako lilifikie tundu la kutazamia bila kuinama, halafu zibaki sentimita kumi au kumi na tano za akiba, kwa sababu ukisimama kwenye mteremko mguu wa monopodi hushuka chini ya miguu yako.

Nafasi ya kwanza, basi, ni hiyo ya alumini ya vipande vinne. Manfrotto 290 na XPRO za klipu ni mifano mizuri, na ziko za majina mengine zilizotengenezwa kwa mtindo uleule. Sababu yangu kubwa ni klipu. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na zile pete za kuzungusha hulimeza kwenye uzi wake mpaka zinakwaruza na kukataa kukaza. Klipu nayo hulegea, ndiyo, lakini nyingi zina skrubu ndogo pembeni: unaikaza robo mzunguko kwa ufunguo mdogo, unaendelea na kazi. Alumini ikigongwa inabonyea, na ukiwa umebahatika bado inafungua na kufunga.

Ya pili ni monopodi ya video, ile yenye vijiguu vitatu chini na kiungo kinachozunguka: Manfrotto XPRO yenye kichwa cha 500, Sirui P-204SR, Benro A48FD. Anayeishi kwa video za harusi aichukulie hii kuwa ya kwanza. Video ya fremu 25 kwa sekunde hupigwa kwa shata ya 1/50, na kila mtikisiko wa mkono unaonekana kwa saa nzima ambayo familia itaangalia. Kwa hii unamfuata bibi harusi tangu mlangoni mpaka kwenye kiti bila picha kuruka. Ubaya wake ni mbili. Ni nzito na ndefu hata ikikunjwa. Na vile vijiguu vinamshawishi mtu aiache isimame peke yake wakati anakwenda kuchukua betri. Usiiache, hata kidogo. Mtoto mmoja akipita mbio, kamera iko chini.

Ya tatu ni ya kaboni. Nyepesi, haipati joto kama alumini inayochemka mkononi saa saba mchana mwezi wa Oktoba, na hutuliza mtetemo haraka. Mwenye lenzi ndefu kama Nikon 200-500mm, ambayo peke yake ina kilo 2.3, na anayetembea nayo siku nzima, ataona thamani yake. Imeanguka hapa chini kwa sababu ya bei, na kwa sababu kaboni ikigongwa vibaya kwenye ukingo wa gari hupasuka, na ufa wa kaboni fundi wa mtaani hauungi.

Ya nne ni mguu wa tripodi unaofunguliwa na kugeuka monopodi, kama MeFOTO RoadTrip. Kwa anayeanza na ana pesa ya kitu kimoja tu, ni uamuzi wa busara. Ila mguu huo ni mwembamba, na katikati ya sherehe hutapata muda wa kufungua na kufunga.

Ya tano ni zile nyepesi za bei ndogo, za aina ya Weifeng WT-1003. Kwa Canon 700D na lenzi yake ya kawaida ya 18-55mm zinafanya kazi yake vizuri, na mwanafunzi asione aibu kuanza nayo. Asiifungie lenzi kubwa tu. Klipu za plastiki hazikuundwa kwa uzito huo. Vijiti vya selfie, hata vikiandikwa monopodi kwenye boksi, sivihesabu. Hivyo ni vya simu.

Ukiagiza kwa ndugu anayerudi Dubai, au kwa wanaopitisha mizigo ya Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mwandikie jina kamili la modeli na herufi zake zote, maana herufi moja inatofautisha alumini na kaboni. Kwa iliyotumika, vua kila kipande, angalia bomba la chini kama limepinda: liviringishe juu ya meza bapa, lililopinda litarukaruka. Noti zako za dola ziwe safi. Yenye mpasuko mdogo itakataliwa na mazungumzo yote ya bei yataanza upya.

Nyumbani, ifute kwa kitambaa kikavu kila ukitoka kazini. Usitie oili ya injini kwenye viungo, kwa kuwa oili inashika vumbi na kulifanya tope. Nunua mpira wa chini wa pili siku hiyohiyo, kwa sababu wa kwanza ukidondoka njiani kinachobaki ni chuma au msumari, na kwenye nyasi bandia za uwanja wa Mazembe msumari huo utakufanya utolewe pembeni mwa uwanja kabla ya filimbi ya kwanza.