Bima kubwa ya Landrover 109 ya mwaka 1978 hapa Mtwara: uzoefu wangu

Bima ndogo haina shida, tuanzie hapo. Uwe na 109 ya mwaka 1978 kama yangu au IST ya juzi, gari binafsi ni laki moja, ukijumlisha VAT inakuwa 118,000. Ukimtilia shaka wakala, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama stika inasoma.

Kazi iko kwenye bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako likiungua, unabaki na kadi mkononi. Na hili nimeachiwa na marehemu mzee, injini ya petroli ni ileile. Enzi zake shirika la bima lilikuwa NIC, la serikali, peke yake, hakukuwa na kuzunguka ofisi kwa ofisi kama sisi.

Ofisi ya kwanza waliuliza mwaka wa gari tu, basi. Zaidi ya miaka 15 hawachukui. Sawa, ni utaratibu wao. Ya pili ndiyo iliyoniudhi. Walinipokea kwa bashasha, kisha kijana akaandika thamani ya milioni 4 bila hata kutoka nje kulitazama. Bima kubwa ya gari binafsi inapigwa asilimia 3.5 ya thamani, kwa hiyo ukiandikiwa thamani ndogo unalipa kidogo na unatoka unachekelea. Ngoja siku ya dai sasa! Hawalipi zaidi ya kilichoandikwa, na hata ajali ndogo wanaweza kukukata kwa uwiano, wakulipe sehemu tu ya hasara, maana gari lina thamani kubwa kuliko uliyoikatia. Milioni 4 hainipatii 109 nyingine inayotembea.

Aliyenisaidia ni dalali wa bima, mama mmoja ofisi yake iko Chikongola. Wakala anauza bima za kampuni yake. Dalali anakutafutia kwenye kampuni mbalimbali. Alitaka taarifa ya mthamini, kadi, namba ya chesi na picha za pande zote, hadi chini ya uvungu. Huko chini ndiko kwenyewe: bodi ya 109 ni alumini, ila chesi ni chuma, na upepo wa bahari wa Shangani unaitafuna kama mchwa. Yangu ilishachomelewa na kupakwa rangi, mthamini akaridhika. Tukaandikiana milioni 14 kama thamani ya makubaliano, siyo "thamani ya soko" ambayo watakuja kuibishia baadaye. Hesabu: 490,000, ukijumlisha VAT inakuwa 578,200. Kulipa kwa awamu walikataa, na hela za korosho zilikuwa bado hazijaingia, kwa hiyo niliumia.

Huyo dalali nampa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu mchana simu hapokei, na karatasi zilikwenda Dar zikakaa huko mpaka nikachoka kuuliza. Halafu kuna sharti la matumizi binafsi tu, nisibebe mzigo wa kulipwa. Msimu wa korosho ndugu zangu wa Nanyamba wananiomba niwashushie magunia, nakataa, wanasema naringa.

Nyongeza ya bima ya kioo cha mbele niliikataa. Vioo vya 109 ni viwili, bapa, fundi vioo anakata siku hiyohiyo. Mwambie tu akuwekee kile cha tabaka mbili, siyo cha dirisha la nyumba.