Fundi wa Ngara: gongo la kriketi na fimbo ya hoki chini ya paa moja

Brian Booth wa Australia alicheza hoki kwenye Olimpiki ya Melbourne, 1956, kisha mechi 29 za Testi za kriketi, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa. Mchezaji wa Nairobi anayefuata njia hiyo anahitaji fundi anayevijua vifaa vyote viwili, na kibanda hiki cha Ngara kinastahili safari.

Kazi ya gongo jipya la kriketi ni safi sana. Anapaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, tabaka jembamba, analaza gongo usiku kucha, kisha anarudia. Ndipo nyundo ya mbao inapoingia kuukaza uso wa gongo, kwa saa kama sita: mwanzo taratibu, kingo zikigongwa kwa mshazari. Ukiharakisha hapo, mpira wa gramu 160 hivi utapasua ukingo siku ya kwanza. Mwambie tu mafuta yasifike kwenye kiungo cha mpini. Gundi huachia, na hapo aliteleza kidogo.

Fimbo za hoki anaziba nyufa ndogo kwa resini na kitambaa cha nyuzi za kioo, halafu anapiga msasa hadi kidole kisikwaruzwe. Pima uzito kabla ya kuondoka: mwisho unaoruhusiwa na kanuni za hoki ni gramu 737.