Lebo za achari yangu: nilianza na dijitali, nikahamia flekso (si zote)

Nauza achari ya embe Dar es Salaam, kwenye vikopo vya gramu 250. Lebo nimeshachapisha kwa njia zote mbili, dijitali (mashine inachapa moja kwa moja kutoka kwenye faili) na flekso (inachapa kwa pleti, kama muhuri), na kwa kuwa haipiti wiki bila mtu kuniuliza nafanyia wapi na kwa bei gani, acha nieleze mara moja.

Nilianza na dijitali, Kariakoo. Unapeleka faili kwenye flashi, unaonyeshwa sampuli, ukiridhika kesho yake unachukua mzigo. Oda yangu ya kwanza ilikuwa lebo 300, shilingi 200 kila moja. Picha ya embe ilitoka safi, kivuli chake kikififia taratibu mpaka pembeni. Kilichoniangusha ni mafuta. Achari huvuja hata ukaze mfuniko vipi, na baada ya wiki mbili dukani jina la biashara likaanza kuchubuka. Ukipitisha kidole unabaki na wekundu. Fundi akaniambia ningeomba laminesheni, plastiki nyembamba inayofunika lebo. Ningejuaje? Nikaongeza hela, lebo ikafika 240, mafuta yakashindwa. Wekundu ndio ulibaki kunisumbua: mwezi huu wa pilipili, mwezi ujao wa matofali, na vikopo vimepangwa rafu moja.

Oda zilipokua nikaenda kiwanda cha flekso, Barabara ya Nyerere. Huko hawaanzi chini ya lebo 10,000. Kila rangi ina pleti yake, laini kama mpira, picha imeinuka juu kama ya muhuri. Zangu ni tano: nne za rangi za kawaida za uchapaji, nyeusi ikiwemo, na moja ya wekundu wangu, ambao wino wake wanauchanganya kabisa kwenye ndoo badala ya kuuigiza kwa vidoto vya rangi nyingine. Pleti moja 120,000, jumla 600,000 kabla hujaona lebo hata moja. Lebo yenyewe ni 90, pamoja na vanishi. Piga hesabu: tofauti na dijitali ni 150, kwa hiyo pleti zinajilipa ukifika lebo 4,000. Oda ya pili pleti zipo, unalipa 90 tu.

Wekundu sasa haubadiliki, na hilo peke yake lilinifanya nisamehe mengine. Maana yapo. Nilisubiri wiki tatu. Kivuli cha embe hakififii tena, kinakatika ghafla kama kimechorwa kwa rula. Orodha ya viungo, niliyoitaka kwa herufi nyeupe nyembamba juu ya nyekundu, ilizibwa na wino. "Kitunguu saumu" ilisomeka kwa kukisia. Pleti hugandamiza, wino unasambaa pembeni, herufi inamezwa. Fundi wa mashine, mzee mmoja mpole, ndiye aliyenishauri nihamishie maandishi kwenye nyeusi. Ndiye pia aliyeigeuza misimbo pau yangu ili mistari ilale kufuata mwendo wa karatasi. Ikikatiza mwendo, huvimba, na mashine ya kaunta inaweza kukataa kuisoma.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Miezi miwili baada ya pleti kutoka, nikabadilisha namba ya simu. Kwenye dijitali ningefuta namba kwenye faili, basi. Huku nililipa 120,000 nyingine, na bahati yangu namba ilikuwa kwenye pleti nyeusi peke yake. Ingekuwa nyeupe ndani ya picha, zingeguswa pleti zote. Tarehe ya kuisha muda nayo niliiachia nafasi tupu, naigonga mwenyewe.

Achari ya embe, inayotoka kila siku na lebo yake haijabadilika tangu ile simu, iko flekso. Ya ukwaju niliyoanza juzi, bado nabishana na wateja kama chumvi imezidi, nimechapa dijitali 200. Na zile za Idi, zenye mwezi mwandamo, huwa 150 tu, dijitali, maana sikukuu ikipita hazina kazi.

Roli ya lebo zenye namba ya zamani ninayo mpaka leo, chini ya kitanda. Mwanangu anabandika daftari zake.