Nyumba ya magogo na shamba tuliyonunua Virginia, Marekani: angalia kwanza kilichomo baina ya magogo

Tumeingia majira ya baridi ya pili katika nyumba hii, kwa hiyo sasa naweza kuisemea. Ni nyumba ya zamani ya magogo iliyokarabatiwa, ipo kwenye shamba la ekari 18 katika Bonde la Shenandoah, si mbali na Harrisonburg. Mume wangu anaendesha malori, mimi ni muuguzi, na sote tulichoka kukaa fleti. Tulitaka mbuzi, bustani ya mchicha, na watoto wapate pa kukimbilia.

Kabla ya hii kulikuwa na nyingine, na nusura tuichukue. Kwenye picha ilipendeza kupita kiasi: magogo yamesuguliwa yakang'aa, nafasi baina yake zimezibwa kwa saruji safi, imara. Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, na baba yangu ni mwashi wa nyumba za zamani. Nikampigia simu ya video, nikamwamkia, nikamwonyesha ukuta. Hata bei hakuuliza. "Mwanangu, hiyo saruji. Chukua bisibisi, choma gogo hapo chini yake." Nikachoma kidogo tu, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Kwetu ni yale yale. Ukuta wa mawe na chokaa ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, lipu inabanduka na boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Huku, mvua inayopenya kwenye ufa mwembamba inajificha nyuma ya saruji, na gogo linaoza kwa ndani huku nje likionekana zima. Dalali alituambia nyumba imekarabatiwa yote. Kweli ilikarabatiwa, na ukarabati ndio uliokuwa unaiua.

Hii tuliyonunua imezibwa kwa chokaa na mchanga, juu ya mawe na vipande vya mbao vilivyopachikwa baina ya magogo kama walivyofanya wenyewe wa zamani. Chokaa ni laini. Gogo likivimba na kusinyaa, chokaa ndiyo inayopasuka, nawe unachukua mwiko unaziba. Viraka vipo kila mwaka, usidanganyike. Mwaka jana nilifanya ukuta wa jikoni mwenyewe siku mbili, baba akinielekeza kwenye simu namna ya kulowesha ukuta kwanza na kuufunika magunia mabichi usikauke haraka.

Magogo mengi ni ya mwaloni, yamechongwa kwa shoka, na alama za shoka unazipapasa kwa mkono. Kwenye pembe za nyumba, ncha ya kila gogo imechongwa mgongo kama paa, na lililo juu yake limekatwa likae juu ya mgongo huo, ili maji yamwagike nje. Mtindo huu ulienea bondeni humu na wahamiaji wa Kijerumani na Waskoti waliopitia Ireland, walioteremka kutoka Pennsylvania katika karne ya 18. Ukuta wa kaskazini una magogo matano ya chesnati, na hayo nayalinda kama dhahabu. Ugonjwa wa ukungu uliogunduliwa New York mwaka 1904 uliangamiza miti hiyo, takriban bilioni 4. Ukitaka kubadilisha gogo moja, huna budi kutafuta ghala kuukuu linalobomolewa.

Tangazo lilisema nyumba ni ya karne ya 18. Mkaguzi alipong'oa misumari miwili ya sakafu ya juu, ilikuwa ya kukatwa kwa mashine, si ya kufuliwa na mhunzi, akasema huenda nyumba ni ya karne ya 19. Bei ikateremka kidogo.

Kosa kubwa la waliokarabati ni kwamba walibandua mbao zilizofunika magogo kwa nje, ili nyumba ionekane ya kale zaidi. Lakini nyumba nyingi za aina hii zilifunikwa mbao tangu zamani, na ndiyo maana magogo yamefika leo. Ukuta wetu wa magharibi sasa unapigwa mvua wazi, na magogo mawili ya chini yameanza kulainika. Hili liliniuma, kwa sababu kazi nyingine zote walizifanya kwa uangalifu mkubwa.

Kuhusu shamba: ardhi ni ya mawe ya chokaa, na maji hupita kwenye mapango ya chini bila kuchujwa vya kutosha. Kuna chemchemi yenye kijumba cha mawe walimokuwa wakipozea maziwa, maji baridi mwaka mzima, lakini kipimo cha kisima kilionyesha bakteria na tukalazimika kufunga taa ya kuua vijidudu. Pima kabla ya kusaini. Ghala ni changa kuliko nyumba. Jirani, mzee sana, alitueleza kuwa la kwanza lilichomwa na jeshi la Sheridan, jenerali wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, kama maghala mengi ya bonde hili.

Mwenye watoto wadogo adai pia kipimo cha rangi yenye madini ya risasi. Kwa nyumba za kabla ya 1978 sheria inakupa siku 10 za kukagua, zitumie. Mengine mengi sheria ya Virginia inamwachia mnunuzi ayachunguze mwenyewe. Na ulizia bima mapema: kampuni tatu zilitukatalia waliposikia neno magogo, na iliyokubali ni ghali.

Mbuzi ni sita sasa. Mbao za ukuta wa magharibi zimeshafika, zimepangwa ghalani zikikauka, na mwezi wa nne tutazipigilia, tukiacha nafasi nyuma yake upepo upite. Baba ameshaniuliza mara mbili nafasi hiyo itakuwa ya upana gani.