TAHADHARI: Muuzaji wa "domeni za kuwekeza" kwenye magrupu ya WhatsApp

Wakuu, nimeshapigwa, ndiyo maana naandika. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu akiuza majina ya tovuti kwa kifurushi, domeni 10 kwa shilingi 150,000. Nyingi mkia wake ni .online na .store. Sera yake ni moja: .com nzuri zimekwisha, hela imehamia kwenye mikia mipya, kaa nazo mwaka tu, Mzungu atakutafuta mwenyewe.

Nikatuma hela kwa simu, nikapewa majina yenye "safari" na "Zanzibar" ndani yake. Nikajiona tajiri.

Ambacho hakukigusa ni ada ya mwaka wa pili. Mikia hiyo mwaka wa kwanza hutupwa sokoni kwa dola moja au mbili, halafu kuhuisha mara nyingi ni dola 30 au zaidi kwa kila jina. Mimi nililetewa bili ya dola 312, kwa majina ambayo hakuna aliyewahi hata kuuliza bei. Kwenye .com, Verisign, kampuni inayoendesha mkia huo, ilianza kuwatoza wasajili (kampuni zinazotuuzia majina) dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024, na haiwezi kupandisha inavyojisikia kwa sababu mkataba wake umewekewa kikomo. Mikia mipya haina kikomo cha namna hiyo. Kampuni yenye mkia ikitaka kupandisha ada ya kuhuisha, inatoa notisi ya siku 180, basi.

Nyongeza alinipa .ga mbili, eti zawadi. Huo ni mkia wa Gabon. Juni 2023 nchi hiyo iliuchukua mkia wake na majina yaliyokuwa yakigawiwa bure yakafutwa kwa mamilioni. Nilipoyatafuta yangu kwenye rekodi za usajili za .ga hayakuwepo kabisa. Zawadi ya hewa.

Sasa sikieni hii. Wiki ya tatu tangu ninunue ikaingia barua pepe: mnunuzi, dola 4,000 kwa jina moja, ila kwanza anataka cheti cha tathmini kutoka tovuti aliyoitaja yeye. Cheti dola 85. Nililipa, msinicheke. Mnunuzi akayeyuka. Usiku ndipo akili ikarudi: ile anwani yangu ya barua pepe niliifungua kwa ajili ya domeni hizi tu, na kwenye rekodi za usajili imefichwa. Ukimtoa msajili, aliyekuwa nayo ni jamaa peke yake.

Mnunuzi wa kweli hakutumi ukanunue cheti. Mnakubaliana bei, hela inashikwa na mtu wa kati, jina linahama. Na kabla hujanunua mkia wowote, fungua ukurasa wa bei wa msajili, uruke bei ya ofa, usome ya kuhuisha. Kwa mtazamo wangu, mwenye mtaji mdogo bora .com moja inayotamkika, au .co.tz kama una biashara ya hapa inayoweza kuihitaji.

Jana nimemwona kwenye grupu jingine, namba mpya, picha ya ghorofa la Dubai. Kifurushi kimepanda, sasa ni 180,000.