Mwaka Mzima na Kikapu cha Msimu: Uzoefu Wangu

Nimetimiza mwaka nikiletewa kikapu kila Alhamisi: mboga, matunda na samaki wa karibu, kile kilichokomaa wiki hiyo. Huchagui. Hilo lilinifanya nisite mwanzoni, na sasa ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Jiji letu lina joto zito la unyevunyevu nusu ya mwaka, kisha baridi ya wastani isiyo na theluji. Nilidhani mahali kama hapa kila kitu hupatikana wakati wowote. Kumbe sivyo. Joto likipamba moto, saladi hurefuka, hutoa maua na kuwa chungu. Kabichi na karoti hunoga baridi ikiingia (ingawa kabichi wiki sita mfululizo zilinichosha). Machungwa husubiri usiku wa baridi ndipo ganda ligeuke rangi. Penye joto mwaka mzima huiva huku ganda likibaki kijani. Lichi nazo huhitaji baridi ili mti utoe maua, na zikichumwa mbichi haziivi tena nyumbani, tofauti na embe au parachichi. Zile za kikapu zilikuwa zimechumwa jana yake. Nilipomenya ya kwanza, maji yalinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Walionifunza zaidi ni chaza. Wakati wa baridi walikuja wanene, weupe kama maziwa, wamejaa ganda zima. Joto lilipoanza wakatoweka, nami nikalalamika. Nikaelezwa kwamba maji yakipata joto chaza huzaa, na wakishazaa hubaki wembamba. Sikuridhika, nikanunua wengine sokoni. Nilipowafungua nikakuta kinyama chembamba, kimelegea, kinaelea kwenye maji.

Dosari ipo, na si ndogo. Wiki moja ya joto kali vibua walifika barafu imeyeyuka yote. Macho yalikuwa yamezama, matamvua yamegeuka kahawia. Niliwatupa bila kujadiliana na mtu: vibua na jodari wakikaa kwenye joto hufanya histamini, kemikali ambayo hata ukiwapika haitoki, na hudhuru vibaya. Nilirudishiwa pesa siku ileile, na siku hizi wanaletwa alfajiri. Hata hivyo, kama nyumbani hakuna wa kuwapokea na kuwatia kwenye friji papo hapo, msiagize samaki.

Nimeshalipia mwaka mwingine. Miezi ya joto nimeomba mboga na matunda tu.