Kalsiamu naitreti, NPK, chumvi ya Epsom na busta: ipi inazifaa nyanya za kwenye ndoo?

Assalaam alaykum, na wengine habari za saa hizi. Karibuni uani kwangu hapa Makorora, Tanga. Leo mezani nina vitu vinne ambavyo mkienda duka la pembejeo mtaonyeshwa: kalsiamu naitreti, NPK 17:17:17, chumvi ya Epsom, na hii chupa ya busta ya kunyunyizia majani. Ninaviangalia kwa nyanya za kwenye ndoo tu. Mzizi wa shambani una pa kwenda kutafuta chakula. Huu wa kwenye ndoo ya lita 20 hula ulichouwekea, basi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mwenye hela ya mbolea mbili achukue NPK na kalsiamu naitreti. Chumvi ya Epsom anunue aliyeona dalili zake. Busta tutaizungumza.

Sogezeni macho kwenye nyanya hii. Mnaona kitako? Ilianza na doa la majimaji, sasa pamekuwa peusi, pakavu, pamebonyea. Hii ndiyo kuoza kitako, na kila wiki naletewa picha zake. Ndugu zangu, hapa hakuna ukungu wala bakteria aliyeanzisha, kwa hiyo dawa ya ukungu haitakusaidia. Tunda limekosa kalsiamu likiwa bado changa, wiki mbili hivi za mwanzo baada ya ua kudondoka. Aina za nyanya ndefu, kama Roma, hupatwa upesi zaidi kuliko za mviringo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo. Tatizo ni safari yake. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea, na maji hukimbilia kule yanakovukizwa kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda halivukizi sana, kwa hiyo hupata kidogo. Ndoo ikikauka saa saba mchana, halafu jioni ukaimwagia maji mengi kwa mpigo, majani yatasimama tena na wewe utaona mambo shwari, lakini tunda lilishakosa fungu lake. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji ya kipimo, bila kukatisha. Msimu wa kaskazi, wakati wa joto, mmea wenye matunda unataka asubuhi na jioni. Ndoo nyeusi ipake chokaa kwa nje isichemshe mizizi. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi.

Na hayo makumbi, ulizeni yametoka wapi. Yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi ya bahari. Hata ya kawaida yana potasiamu na sodiamu nyingi. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, mwaga, rudia, ndipo uyatumie.

Haya, kalsiamu naitreti yenyewe. Hizi punje nyeupe. Pakiti inasema naitrojeni asilimia 15.5 na oksidi ya kalsiamu asilimia 26.5, ambayo ukiihesabu kama kalsiamu tupu ni asilimia 19 hivi. Nikiitia kwenye maji inayeyuka yote, chini haubaki mchanga. Ninachoipendea zaidi ni aina ya naitrojeni yake: karibu yote ni naitreti, na mzizi huichukua bila kuinyima kalsiamu nafasi. Urea na SA, yaani salfeti ya amonia, ni kinyume. Zinaleta amoniamu kwenye udongo, na amoniamu hugombania mlango mmoja na kalsiamu pale kwenye mzizi. Mtu anaona mmea umedumaa, anaongeza urea. Majani yanakuwa ya kijani kizito, yanapendeza, na vitako vinaoza kuliko mwanzo. Inaniuma sana nikiona hivyo, kwa sababu mtu huyo amehangaika na amegharamika.

Kipimo: kizibo cha soda kilichojaa kina gramu 5 hivi. Kizibo kimoja kwenye lita 5 za maji, mwagilia kwenye udongo, mara moja kwa wiki tangu maua ya kwanza. Usihangaike kuinyunyizia juu ya matunda. Kinachoingia kwa njia hiyo ni kidogo mno. Nyanya iliyokwisha kuoza kitako haiponi, ichume ili mmea ulishe nyingine. Kama pakiti yako ni Nitrabor ya Yara, ndani mna boroni kidogo. Usiongeze boroni nyingine, maana kwenye ndoo huzidi upesi ikachoma majani.

Ina kasoro moja kubwa kwa sisi watu wa pwani: inavuta unyevu wa hewani. Ukiacha mfuko wazi usiku kucha, kesho unakuta uji. Kwa hiyo ile ya kupimiwa kutoka kwenye gunia lililokaa wazi dukani mimi siichukui. Nunua pakiti iliyofungwa, ukifika nyumbani mimina kwenye chupa kavu yenye mfuniko unaobana.

NPK 17:17:17 haina maneno mengi. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kila moja asilimia 17, hizo mbili za mwisho zikihesabiwa kama oksidi. Kizibo kimoja kwa ndoo kila baada ya wiki mbili, ukingoni mwa ndoo na si kwenye shina, fukia kidogo, mwagia maji. Matunda yakishaanza kujaa, ukipata yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kama ile ya 15:9:20, ni bora zaidi, kwa sababu potasiamu ndiyo inayolipatia tunda rangi na kuliivisha sawasawa. Kila mwezi mara moja mwagia maji matupu mengi hadi yatoke vizuri chini, yaondoe chumvi za mbolea zilizojikusanya. Ule ukoko mweupe mnaouona juu ya udongo ndio zenyewe.

Chumvi ya Epsom sasa. Hii imepata sifa nyingi mitandaoni mpaka watu wanaitia kwenye kila mmea, nami sikubaliani. Ndani mna magnesiamu asilimia 10 hivi na salfa, hakuna kalsiamu hata chembe, kwa hiyo haitibu kuoza kitako. Tena magnesiamu ikizidi inaizuia kalsiamu.

Utajuaje unaihitaji? Tazameni majani mawili haya. Hili la chini, la zamani: mishipa yake ni ya kijani, kati ya mishipa pamekuwa njano. Hiyo ni magnesiamu. Mmea unaweza kuihamisha kutoka jani la zamani kwenda jipya, kwa hiyo njaa huonekana chini kwanza. Jani la chini likiwa njano lote pamoja na mishipa, ni naitrojeni. Hili la pili limetoka kileleni, mishipa kijani na kwingine njano. Linafanana na lile la kwanza, lakini ni changa, na hapo kinachokosekana ni madini ya chuma, ambayo mmea hauwezi kuyahamisha. Hapa kwetu hutokea sana kwa anayejaza ndoo udongo wa matumbawe, au anayemwaga majivu ya jikoni kila siku: udongo unakuwa wa chokaa na chuma kinajifunga. Epsom hapo haifanyi kitu. Acha majivu, badilisha udongo wa juu, tia mboji.

Ukishathibitisha ni magnesiamu, kijiko cha chakula kwenye lita 4 za maji, nyunyizia majani jioni, rudia baada ya wiki mbili. Lakini usiichanganye na kalsiamu naitreti kwenye ndoo moja ya kukoroga. Tazama chupa hii niliyochanganya zote mbili zikiwa nzito: maji yamekuwa meupe, chini kumetuama unga. Ni jasi hiyo, haiyeyuki kirahisi, na mmea hautaipata. Tenganisha kwa siku kadhaa.

Busta. Geuza chupa. Hii inasema "hukuza, huzaa, hung'arisha", namba hakuna. Mimi sinunui kitu cha kulisha mmea kisichoniambia kina nini na kiasi gani, na namba ya usajili wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, nayo siioni. Wengi huinunua kwa sababu ya maua kupukutika. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukagoma kupoa chini ya 22, chavua inadhoofika na ua linadondoka, uwe na busta usiwe nayo. Ndiyo maana nyanya za Lushoto, kule milimani kwenye baridi, zinashuka kuja huku kipindi ambacho zetu hazishiki. Panda miche ili maua yakutane na kusi, msimu wenye ubaridi.

Mkinitumia picha, tafadhali piga jani la chini peke yake na la kileleni peke yake, tena mchana, si kwa taa. Na mniandikie maji mnatoa wapi. Walio karibu na bahari, Raskazoni, Sahare, wanaotumia visima: chumvi ya kisima huunguza kingo za majani, na jani lililoungua hivyo linafanana kabisa na lenye njaa ya potasiamu. Onja maji kwanza kabla hujakimbilia dukani.